Unaenda Flinders Ranges kwa mara ya kwanza? Anzia hapa

Kila likizo ya Aprili ikikaribia meseji zinaanza. "Hivi Flinders ni mbali?" "Kagari kangu kadogo katafika?" "Lazima uwe mtu wa kupanda milima?" Na kuna wale waliokuja kutembea kutoka Dar au Mombasa, wamekaa wiki mbili Adelaide wameona maduka tu, sasa wanataka kuona Australia yenyewe. Majibu ni yale yale kila mwaka, kwaiyo naandika mara moja, ukiulizwa na mwenzio mtumie hii.

Kwa kifupi: Flinders Ranges ni safu ya milima ya Australia Kusini, inaanza kama kilomita 200 kaskazini ya Adelaide na inaenda juu huko zaidi ya kilomita 400 mpaka inaishia kwenye maeneo makavu kabisa ya maziwa ya chumvi. Mlima mrefu kuliko yote, St Mary Peak, una mita 1,171 tu. Najua aliyekulia Moshi hapo anacheka. Cheka, ila elewa kwamba shida ya huku sio urefu, shida ni ukavu na umbali. Anayeharibikiwa safari mara nyingi hata mlima hajaugusa, kaharibikiwa barabarani, maji yameisha, tairi limepasuka, simu haishiki. Ndo maana mwongozo huu unaongelea gari kwanza, mlima baadaye.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Maji. Kwa safari ya gari hesabu lita 10 kwa mtu kwa siku, ya kunywa, kupikia na ya dharura. Ukienda kutembea kwa miguu beba lita 4 mpaka 5 kwa kila mtu, kwenye begi lako, sio kwenye buti ya gari.
- Tairi la spea zima lenye upepo, jeki, spana ya magurudumu na kipimo cha upepo. Gari nyingi za siku hizi zina kile kitairi chembamba cha muda au kopo la dawa ya kuziba, hivyo kwenye mawe makali havikufikishi popote. Fungua buti uangalie kabla, usije ukagundua jua likiwa utosini.
- Kofia pana, losheni ya jua, na wavu wa nzi wa kuvaa kichwani. Watu wanaucheka huo wavu dukani, wakifika wanaulizia unauzwa wapi.
- Jaketi zito na begi la kulalia la baridi. Juni mpaka Agosti usiku unaweza kushuka chini ya sifuri, na mchana huo huo ulikuwa na fulana.
- Viatu vilivyoshika kifundo cha mguu, na bandeji pana mbili tatu za kukaza (sababu utaiona chini kwenye nyoka).
- Ramani umeshadaunlodi kwenye simu, na nyingine ya karatasi. Mtandao unashika mji mdogo wa Hawker na kambi ya Wilpena, ukiingia makorongoni unasahau. Kampuni ya simu ya Telstra ndo inafika mbali kidogo kuliko wengine.
- Kama unaenda kaskazini zaidi au kutembea njia ndefu, kodi kile kifaa cha kuita msaada kwa satelaiti kinaitwa PLB. Kidogo kama simu, hakihitaji mtandao.
- Chakula cha siku zote pamoja na siku moja ya ziada. Nyama halali nunua Adelaide ugandishe, huku juu usitegemee kupata. Zile sehemu za kuchomea nyama za kambini zinatumika na kila mtu na soseji za nguruwe zinapita hapo, kwaiyo beba kikaango chako na jiko la gesi na unga wako, umemaliza.

Ukitokea Victoria au New South Wales kwa barabara, matunda mabichi hayavuki mpaka kwa sababu ya nzi wa matunda, utayatupa au utapigwa faini. Nunua ukishaingia Australia Kusini.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi. Aprili mpaka Oktoba. Septemba na mwanzo wa Oktoba, kama mvua ilinyesha vizuri, maua ya porini yanafunika mabonde na watu wanajaa. Desemba mpaka Februari usiende kutembea kwa miguu, joto linapita 40 na lile jiwe linakurudishia joto kutoka chini, juu jua chini jua. Wale wanaotaka kutembea Heysen Trail, ile njia ya kilomita 1,200 kutoka Cape Jervis inayoishia Parachilna Gorge, msimu wa moto sehemu kubwa inafungwa.

2. Chagua pa kulala, halafu bukia (weka nafasi) kabla hujatoka nyumbani. Kwa mara ya kwanza mimi nasema Wilpena, bila kuzunguka. Kuna kambi, kuna hoteli, kuna duka, mafuta, bafu la maji ya moto, na njia nyingi za miguu zinaanzia hapo hapo. Hoteli na kambi hiyo ni mali ya wenyeji asilia wa huku, Waadnyamathanha. Ukipenda utulivu, ndani ya hifadhi ya Ikara-Flinders Ranges kuna kambi za porini kama Trezona na Aroona, choo cha shimo basi, maji unabeba mwenyewe. Kambi hizo unalipia mtandaoni kwenye tovuti ya hifadhi za jimbo, na gari nayo inalipiwa kiingilio. Kosa la wengi ni kufika getini wakidhani watalipa hapo hapo, halafu simu haishiki, wanarudi nyuma kutafuta mtandao.

3. Jibu la swali la gari ndogo. Ndiyo, inafika. Lami inafika Wilpena, inaenda mpaka Blinman, na upande wa magharibi inatoka Hawker inapita Parachilna mpaka Lyndhurst. Kwenye barabara za pembeni za Brachina, Bunyeroo na Moralana ni changarawe na mawe, na njia inapita ndani ya mto mkavu wenyewe. Kukiwa kukavu gari iliyonyanyuka inapita, fowili ni bora, kale kagari kako kalikolala chini kaache kambini.

Kama gari ni ya kukodi soma mkataba wa bima, soma kweli. Kampuni nyingi hazilipi ukiharibu kwenye barabara isiyo na lami, na baadhi zinakataa kabisa kuendesha usiku nje ya miji. Muulize mtu wa kaunta kwa majina, "Brachina Gorge Road ninaruhusiwa?", na jibu likae kwenye maandishi.

4. Siku ya kutoka. Adelaide mpaka Wilpena ni zaidi ya kilomita 430, masaa matano bila kusimama, weka saba. Port Augusta ndo kuna supamaketi kubwa za mwisho, jaza kila kitu hapo. Halafu unapanda Pichi Richi Pass kwenda Quorn, Quorn Hawker, Hawker Wilpena. Jaza mafuta Hawker hata kama tenki liko nusu. Sheria yangu ni nyepesi: ukiona sheli, jaza.

Kati ya Quorn na Hawker simama Kanyaka, magofu ya mawe ya shamba kubwa la kondoo la miaka ya 1850. Hapo unaielewa hii nchi kuliko kibao chochote. Mwaka 1865 mpima ardhi wa serikali, George Goyder, alichora mstari kwenye ramani akasema kaskazini ya hapa msilime, mvua haiaminiki. Miaka ya 1870 ikaja mvua nzuri, watu wakasema huyu mzee hajui kitu, wakahamia, wakajenga, wakalima ngano. Ukame ukarudi. Nyumba zao bado utaziona barabarani, kuta zimesimama, paa hakuna.

Panga kufika kabla jua halijazama. Kangaruu na emu wanatoka jioni na alfajiri na hawajui kuangalia kulia na kushoto, anaruka kutoka gizani moja kwa moja kwenye boneti. Upande wa kuendesha ni kushoto kama nyumbani, hilo halitakusumbua. Na dereva unayepishana naye akinyanyua kidole kwenye usukani anakusalimia, nyanyua na wewe.

5. Siku ya kwanza usijitie ushujaa. Anza na Wangara Lookout, njia ya kwenda na kurudi ya masaa kama matatu, inaingia ndani ya Wilpena Pound, lile bakuli la milima, kwenye ule mlango wa mto, unapita nyumba ya zamani ya familia ya Hill, unapanda kidogo unaona bakuli lote. Watu wa kwetu wakifika hapo juu wote wanasema kitu kimoja, "aa, kama Ngorongoro". Kwa macho ndiyo, ila Ngorongoro ni volkano iliyobomoka, hapa hakujawahi kuwa na volkano wala kimondo. Ni tabaka za mwamba wa zamani wa baharini zilizokunjwa, juu pakamomonyoka, na mawe magumu ya pembeni ndo yamebaki kama ukuta, kilomita kama 17 kwa 8. Waadnyamathanha wana maelezo yao: kuta hizo ni miili ya nyoka wakubwa wawili, akurra. Mwongozaji wao akiwa anatembeza watu siku hiyo, lipa uende naye, utaona vitu ambavyo peke yako unavipita.

Jioni, ukiwa na nguvu, Arkaroo Rock, mzunguko wa kilomita kama tatu, kuna michoro ya udongo mwekundu na mkaa kwenye jiwe. Usiguse, hata kwa kidole kimoja.

6. Siku ya pili, Brachina na Bunyeroo kwa gari. Hii ndo siku yenyewe. Kabla ya kuwasha gari angalia hali ya barabara, ofisi ya wageni Wilpena wanayo ya asubuhi hiyo. Barabara ikiandikwa imefungwa, imefungwa, hata kama wewe unaiona kavu. Faini ipo, na bima hapo haikujui.

Toa upepo kidogo kwenye matairi, kama ulikuwa PSI 36 shusha mpaka 28 hivi, gari inatulia na tairi halipasuki ovyo. Endesha kilomita 40 kwa saa. Barabara imekunjika kama bati, na mtu akiona inatetemeka anaongeza mwendo ili "iteleze juu", kwenye kona ndo anaelewa kwamba breki hazishiki.

Ingia Brachina kutokea mashariki, upande wa barabara ya Blinman, kwa sababu vibao vya njia ya miamba, kilomita 20, vimepangwa kwa mwelekeo huo, na unapita miaka kama milioni 130 ya mawe ukiwa umekaa kwenye siti. Simama Enorama Creek. Kwenye ukingo wa mto mkavu kuna kisahani cha shaba kimepigiliwa kwenye mwamba. Chini yake jiwe jekundu la kahawia lililoachwa na barafu, juu yake jiwe la rangi ya maziwa na waridi, laini, limepangana vizuri kwa mistari. Pale zinapokutana ndo wanasayansi wa dunia nzima walikubaliana 2004 kuwa mwanzo wa kipindi cha historia ya dunia kinachoitwa Ediacara, miaka kama milioni 635 iliyopita. Kipande hicho kidogo hivyo, na wengi wanapita wakitafuta kangaruu. Usigonge wala kuchukua jiwe, ni kosa la jinai.

Ndani ya korongo lenyewe zima injini, kaa kimya dakika kumi, angalia ile miteremko ya mawe iliyoanguka. Kuna mnyama huku anaitwa yellow-footed rock-wallaby, wenyeji wanamwita andu. Huwezi kumwona kwa kumtafuta mwili, rangi yake ni ya jiwe. Tafuta mkia: mrefu, una pete za kahawia na za njano kuanzia juu mpaka chini, unaning'inia kwenye ukingo wa jiwe. Ukishauona mkia ndo unaona miguu ya rangi ya chungwa, mstari mweupe shavuni, na macho yanakuangalia muda wote huo. Alfajiri na saa kumi jioni ndo nafasi nzuri. Usimpe mkate.

Ukimaliza korongo rudi mpaka njiapanda, fuata kibao cha Bunyeroo, upande mpaka Razorback Lookout. Ile picha ya barabara ya vumbi inashuka ikijipinda kwenda milimani unayoionaga kila mahali ni ya hapo.

7. Siku ya tatu, mlima. Una chaguo mbili. Mount Ohlssen-Bagge ni mfupi ila umesimama, masaa manne kwenda na kurudi, sehemu nyingine unatumia mikono. Au njia ya St Mary Peak mpaka Tanderra Saddle, halafu unageuza. Waadnyamathanha wanaomba watu wasiende mpaka kileleni, ni sehemu nzito kwenye simulizi zao za asili. Hakuna askari pale juu, ni ombi tu, na mimi naona kuombwa na mwenye nyumba kunatosha. Mandhari ya Tanderra haipungui kitu.

Kwa njia yoyote toka alfajiri, na weka saa ya kugeuza kabla hujaanza. Ikifika geuza popote ulipo. Andika jina kwenye daftari la watembeaji au mwachie mtu kambini ujumbe unaenda wapi unarudi saa ngapi.

8. Ukiwa na siku za ziada. Panda Blinman, mji uliojengwa na shaba, mgodi wa zamani unatembelewa na mwongozaji. Ukishuka Parachilna Gorge ni changarawe tena. Karibu na huko kuna Nilpena Ediacara, hifadhi iliyofunguliwa 2023, ina mabaki ya viumbe wa kwanza kwanza wenye mwili laini walioacha alama kwenye mchanga wa bahari. Haiingiwi hivi hivi, lazima ubukie ziara. Mtu aliyeviona kwanza viumbe vya aina hiyo huku, mwaka 1946 kwenye vilima vya Ediacara, alikuwa mtaalamu wa miamba Reg Sprigg, na yeye huyo huyo mwaka 1968 alinunua Arkaroola, kaskazini kabisa, akaigeuza kuwa hifadhi ya wanyama. Arkaroola kuzuri kuliko kote kwa maoni yangu, ila ni masaa ya changarawe kutoka Copley, spea mbili, na kwa safari ya kwanza na watoto wadogo mimi nakuambia acha, njoo mwaka wa pili.

Mambo mawili ya kambini watu wanakosea

Hema chini ya ile miti mikubwa ya red gum. Kivuli kizuri, ndiyo, lakini inaangusha matawi mazima bila upepo wala onyo. Na hema ndani ya mto mkavu kwa sababu mchanga ni laini: mvua inanyesha mbali huko wewe hujaona hata wingu, maji yanakufikia usiku.

Moto wa kuni una miezi yake, na siku ya marufuku ya moto hata jiko la gesi lina masharti, uliza kwanza. Kuni za hifadhini haziokotwi.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Gari limekufa au limekwama na simu haishiki.* Usiondoke kwenye gari, hii ndo kubwa kuliko zote. Gari linaonekana kutoka mbali na kutoka juu, mtu anayetembea haonekani. Kaa kivulini kwake, kunywa maji, fungua boneti iwe ishara. Kama maisha yako hatarini ndo unabonyeza PLB, ukishabonyeza usihame.

*Injini imechemka.* Simama, zima, subiri nusu saa na zaidi. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto.

*Mvua imenyesha ukiwa ndani.* Rudi kwenye lami mapema. Ukikuta maji yanapita juu ya barabara subiri upande wako, mara nyingi yanashuka ndani ya masaa. Usiingie kupima kina kwa gari.

*Umegonga kangaruu.* Washa hazadi, toka barabarani, angalia rejeta kabla ya kuendelea. Kama ni jike na umefika salama kwake, watu wa huku wanaangalia mfuko kama kuna mtoto hai, halafu wanapigia waokoaji wa wanyama.

*Mwenzako ameacha kutoka jasho, anaongea ovyo, anatapika.* Hilo ni joto. Kivuli, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwilini mpepee, piga 000. Usimalizie "kilomita mbili zilizobaki".

*Nyoka ameuma.* Wengi huku ni brown snake, sumu yao kali. Usioshe, usikate, usinyonye, usifunge kamba. Funga bandeji pana ya kukaza kuanzia kwenye jeraha halafu mguu wote au mkono wote, funga kijiti usikunjike, mgonjwa asitembee hata hatua, piga 000. Hospitali ikiwa mbali ndo wanakuja wale madaktari wa ndege, Royal Flying Doctor, wana kituo Port Augusta.

*Umepotea njia ya miguu.* Vibao vipo kila baada ya kipande, ukitembea dakika kumi hujaona alama rudi mpaka ya mwisho uliyoiona. Usikate njia ya mkato kushuka korongoni, mengi yanaishia kwenye maporomoko makavu na kurudi juu hutaweza.

*Nzi wamekushinda na wavu umesahau.* Duka la Wilpena wanauza. Bei ya huko huko.